Kabla Hujaiwasha Tena Maikrowevu ya Miaka Mingi

Maikrowevu ya nyumbani kwetu Tanga ilifika mwaka 2008 ndani ya mzigo wa shangazi uliotoka Muscat. Ilikuwa imefungwa kwa blanketi, na sahani yake ya kioo imeviringishiwa kanga mbili. Hata siku hiyo haikuwa mpya. Imepasha pilau la sikukuu nyingi, imelipua mayai mawili matatu, na kwa miaka yote hiyo swali la wageni lilikuwa lilelile: "Hii ya zamani hivi, haiwaletei mionzi?"

Mama alikuwa akiwajibu kwa kuwasogezea chai. Mimi ningewaambia kwamba magnetroni, yaani kile kidude kinachotoa mawimbi, hakipati nguvu kwa kuzeeka. Kinachoka, kama mzee yeyote. Vinavyozeeka vibaya ni vitu vinavyokizunguka: mlango, swichi zake, rangi ya ndani, waya wa plagi. Na kibaya kuliko vyote ni mkono wa fundi aliyeifungua zamani akaifunga kwa njia ya mkato. Kwa hiyo kabla hujaamua kama yako ibaki jikoni, itengenezwe au iende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, usihangaike kwanza na umri wake. Anzia mlangoni.

Hiyo "mionzi" tuimalize upesi. Mawimbi ya maikrowevu yana urefu wa sentimita 12 hivi, ndiyo maana ule wavu wa chuma ulio ndani ya kioo cha mlango, wenye vitundu vya milimita moja au mbili, unayazuia huku jicho lako likiona chakula kinavyozunguka. Si sawa na mionzi ya eksirei. Kazi yake ni kupasha moto, na yakimfikia mtu kwa wingi humuunguza, hasa machoni. Marekani tangu 1971 wameweka kikomo kwamba, kwa maisha yote ya kifaa, yanayovuja yasizidi miliwati 5 kwa kila sentimita ya mraba, yakipimwa sentimita 5 kutoka kwenye kifaa. Ukirudi nyuma hadi nusu mita, yanayokufikia ni kama sehemu moja tu ya mia ya hayo. Waifai ikikatika kila mtu anapopasha chai, usishtuke sana: vitu hivyo viwili hutumia masafa yanayokaribiana, na kiasi kidogo kinachoruhusiwa kuvuja kinatosha kuivuruga.

Sasa mlango. Ufunge, ushike mpini, uutikise. Ukicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, bawaba zimelegea. Inama uangalie pembeni: nafasi kati ya mlango na bodi inatakiwa iwe sawa juu na chini. Wa kwetu ulianza kulala upande mmoja kwa sababu ya wajukuu, ambao waliugeuza kuwa mahali pa kuegemea wakisubiri maandazi. Angalia zile kulabu mbili za plastiki zinazoingia kwenye matundu. Zikiwa na ufa au zimewahi kugandishwa kwa gundi, mlango huo si wa kuaminiwa. Futa mafuta yaliyoganda kwenye fremu, maana uchafu wa hapo huuzuia mlango kukaa sawasawa. Kioo kikiwa kimepasuka au wavu umetoboka, hakuna mjadala tena.

Kisha jaribio ambalo kila mwenye maikrowevu ya zamani anatakiwa alifanye leo. Weka kikombe cha maji ndani, iwashe, mkono mmoja uwe karibu na swichi ya ukutani. Baada ya sekunde kumi fungua mlango bila kubonyeza chochote. Mngurumo unatakiwa ukatike palepale. Baadhi huacha feni izunguke kidogo ili kujipoza, na hiyo ni tabia yao. Lakini sahani ikiendelea kuzunguka na mngurumo ukabaki uleule, zima ukutani, chomoa plagi, na uiache hivyo.

Nyuma ya kulabu zile huwa kuna swichi ndogo, kwa kawaida tatu, kila moja kubwa kidogo kuliko punje ya mahindi. Mbili hukata umeme mlango unapofunguka. Ya tatu ni mlinzi wa wenzake: swichi ya kukata ikigoma kuachia, huyu hupiga shoti kwa makusudi ili fyuzi iungue na mashine ife kabla haijamdhuru mtu. Sisi hatukulijua hilo. Tulichoona ni kwamba maikrowevu ilizimika ghafla mama alipofungua mlango. Fundi wa mtaani akaja, akabadilisha fyuzi, akalipwa. Siku tatu baadaye, hali ileile. Akabadilisha tena. Mara ya tatu akasema, "Mama, hii sasa nimeimaliza kabisa, haitaungua tena." Na kweli haikuungua. Jioni mama alipofungua mlango, nyumba nzima ikaingia giza kwa sababu breka kubwa ilikuwa imeruka. Mahali pa fyuzi bwana yule alikuwa ameweka kipande cha waya.

Fyuzi inayoungua mlango unapofunguliwa ni mashine inayokuambia waziwazi kwamba swichi yake ya usalama imekwama. Dawa yake ni kubadilisha swichi, zote tatu kwa pamoja ikiwezekana, na bei yake ni ndogo. Fundi wa pili, mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye mitambo ya kiwanda, alizitoa zile za zamani akaniwekea kiganjani. Nikabonyeza moja: tik. Ya pili: tik. Ya tatu haikusema kitu, meno yake yalikuwa yameyeyuka yakashikana. Kwa hiyo ukinunua maikrowevu ya mtumba, Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi, swali la kwanza la kumuuliza muuzaji lisiwe rangi wala dhamana ya wiki mbili. Muulize imewahi kufunguliwa na kwa tatizo gani. Akikuambia kwa fahari kwamba "iliunganishwa dairekti ikapona", muage kwa heshima uende zako.

Na wewe mwenyewe usiifungue. Nimekaa na watu wanaofungua redio, pasi, hata tivii, na wakaniambia maikrowevu ni vilevile. Si vilevile. Ndani yake mna transfoma inayopandisha umeme hadi zaidi ya volti 2,000, na kapasita inayoweza kuhifadhi umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa. Mara nyingi mna kizuizi kidogo cha kuumwaga taratibu, lakini katika mashine ya miaka mingi kizuizi hicho kinaweza kuwa kimekufa bila mtu kujua. Yule mzee, kabla hajagusa kitu, alitutoa wote jikoni, akakaa, akaomba maji ya kunywa. Tukadhani anavuta muda ili aongeze bei, kumbe alikuwa anaipa kapasita nafasi ya kumwaga umeme wake. Ukitaka kumjua fundi wa maikrowevu, mtazame katika dakika kumi za kwanza: anayeingiza mkono moja kwa moja hajui alichokishika.

Upande wa umeme, geuza mashine usome kibandiko cha nyuma kabla hujachomeka. Yetu iliandikwa volti 240, hertz 50 (yaani mapigo ya umeme kwa kila sekunde), na plagi yake ya pini tatu iliingia ukutani bila adapta, kwa kuwa Oman wanatumia umeme unaofanana na wetu. Si kila mzigo una bahati hiyo. Ya Japani hutaka volti 100. Ya Marekani hutaka 120, tena kwa hertz 60, na Saudia nao ni hertz 60. Ndugu wanaorudi na kontena kutoka Houston hununua transfoma ya kushusha volti wakadhani wamemaliza kazi. Volti zitashuka kweli, lakini hertz zitabaki 50, na transfoma ya ndani iliyotengenezwa kwa 60 itapata joto kupita kiasi. Dalili utaiona kwenye saa: nyingi hufuata mapigo ya umeme, hivyo ile ya hertz 60 ikiwa hapa kwetu huchelewa dakika kumi kila saa. Saa ikisema saa nne na jua liko utosini, ujue na transfoma nayo inateseka.

Wati 700 zilizoandikwa kwa maandishi makubwa mbele ni zile zinazofika kwenye chakula. Ukutani inavuta 1,100 hadi 1,200. Ukiichomeka kwenye ekstensheni moja na birika la umeme, unakaribia au unapita kikomo cha plagi ya ampea 13, na zile ekstensheni nyembamba za kuunganisha chaja ya simu hazifiki hata nusu ya hapo. Ipe soketi yake peke yake. Baada ya dakika tano za kupasha, ishike plagi: uvuguvugu si neno, lakini ikikuunguza vidole au ukaona doa la kahawia kwenye soketi, tatizo limeshaanza. Ukigusa bodi kwa mkono mbichi, miguu peku kwenye sakafu ya saruji, ukahisi mtetemo wa shoti, waya wa ethi haufanyi kazi. Usivae kandambili ukaendelea. Mwite fundi umeme wa nyumba. Na umeme ukikatika, chomoa. Ule unaorudi kwa kishindo ndio unaoua saketi za ndani za vidude hivi.

Mende sitawasahau. Wanapenda joto na giza, na nyuma ya vitufe vya kubonyeza kuna vyote viwili. Kinyesi chao na mizoga yao huunganisha njia za umeme zisizotakiwa kuungana, na ghafla mashine inajiwasha au kitufe cha 3 kinaandika 9. Maikrowevu inayojiwasha yenyewe isilale ikiwa imechomekwa hata usiku mmoja. Usipulizie dawa kwenye matundu ya hewa pia, maana nyingi zinashika moto.

Ndani, upande wa kulia mara nyingi, kuna kipande kinachofanana na kadibodi ya rangi ya fedha au udongo. Watu hukidhania ni takataka za kiwandani wakaking'oa. Hiyo ni karatasi ya mika, madini yanayostahimili joto, inayoziba tundu ambalo mawimbi huingilia ndani. Ikirukiwa na mafuta ya samaki bila kufutwa, doa hukauka, huungua, hugeuka kaa, kisha huanza kutoa cheche na mlio wa kupasukapasuka kama chumvi motoni. Ya kwetu ilikuwa na tundu jeusi la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Mika huuzwa kama karatasi na hukatwa kwa mkasi. Hilo ni tengenezo la bei nafuu kuliko yote, mradi liwahiwe kabla cheche hazijafika kwenye chuma cha nyuma.

Kutu ni habari nyingine, na sisi wa pwani tunaijua. Chumvi ya hewani huingia popote rangi ilipobanduka, hasa chini ya pete ya magurudumu inayobeba sahani, ambako mvuke hutuama. Doa dogo la juujuu linaweza kusuguliwa na kupakwa rangi maalumu ya maikrowevu, si ile iliyobaki ulipopaka geti. Lakini bonyeza kwa kidole pale penye kutu: bati likibonyea au likitoa unga, halina tena uwezo wa kuyafungia mawimbi ndani.

Ikiwa imevuka yote hayo, ipime kama bado ina nguvu. Lita moja ya maji kwenye bakuli la kioo, pima joto, washa kwa nguvu kamili sekunde 60, koroga, pima tena. Zidisha tofauti ya nyuzi mara 70, utapata wati zinazokaribia za kweli. Kutoka nyuzi 26 hadi 35 ni 9, mara 70 ni 630. Kwa mashine ya 700 hiyo ni nzuri. Usiiwashe tupu kujaribu "kama inanguruma", mawimbi yasiyo na cha kupasha hurudi kuichosha magnetroni. Nguvu zikishuka hadi nusu, chakula hutoka moto ukingoni na baridi katikati, na kwa wali wa jana au kuku hilo si suala la ladha. Shirika la Afya Duniani linataka chakula kinachopashwa kifike nyuzi 70 kote, katikati kukiwemo.

Yetu, mwaka wake wa mwisho, ilipanda nyuzi 5 tu, na bati la chini lilikuwa limeshaachia tundu la kupitisha njiti ya kiberiti. Bei ya magnetroni mpya pamoja na fundi ilikuwa karibu na ya mashine nyingine, kwa hiyo tukaiaga. Usimpe anayeokota vyuma ikiwa nzima: ataiuza, na mwingine ataichomeka. Wala usiwaachie watoto waivunje kutafuta sumaku, kwa sababu ya kapasita, na kwa sababu baadhi ya magnetroni za zamani zina kauri ambayo vumbi lake ni sumu kwenye mapafu. Tuliichomoa, nikaukata waya wake hukohuko nyuma, nikaandika kwa maka pen mlangoni: MBOVU, USIWASHE. Sahani ya kioo mama aliizuia. Sasa hivi inakaa kabatini, na hutoka Ramadhani ikiwa na vitumbua juu yake.