Ukipakia makaa ya mawe Ngaka

Mdogo wangu dereva, ukifika mgodi wa Ngaka, Ruvuma, kabla kijiko, ile mashine ya kupakia, hakijakuinulia hata ndoo ya kwanza, shuka kwenye gari uende hadi kwenye rundo unalopakiwa. Makaa ya mawe yakikaa na hewa hupata joto yenyewe, bila kiberiti. Rundo la siku nyingi lenye vumbi jingi ndilo baya. Ukisikia harufu kama ya mafuta ya taa, au ukaona mvuke juu yake asubuhi, kataa, omba lingine.

Mwaka wangu wa kwanza sikushuka. Habu ya gurudumu ikanifia karibu na Tunduru, nikakaa siku nne nasubiri spea. Siku ya tatu utingo akaniita: turubai lilikuwa la moto. Tulifukua kwa koleo tangu saa kumi jioni hadi usiku mwingi, tukiyatandaza chini tabaka jembamba yapoe. Nawe ukikutwa na hilo usimwage ndoo mbili tatu za maji. Yatageuka mvuke wa kukuunguza, na joto la ndani litabaki palepale. Ukiona moshi, peleka gari mbali na nyumba na vituo vya mafuta, piga 114.

Uzito nao. Semi, yaani kichwa kinachovuta tela, ya ekseli sita mwisho wake mizani ni tani 50: ekseli ya mbele 8, zile mbili za nyuma za kichwa 18, tatu za tela 24. Ukitoa gari tupu, unabaki na kama tani 30. Mwambie mtu wa kijiko asawazishe. Akirundika mbele, jumla itakuwa halali lakini ekseli za kichwa zitakukamatisha.

Turubai lifunge hadi pembeni. Mvua inakuongezea kilo, tena mnunuzi ananunua joto: makaa yaliyolowa hutumia moto wao kujikausha kwanza.

Nakukazania hivi kwa sababu najua yanakokwenda. Umeme wa gridi yetu unatokana zaidi na maji na gesi. Makaa haya yanalisha viwanda, hasa matanuri ya saruji, yanayopika mawe hadi nyuzi 1,450 hivi. Mwaka 2016 serikali ilizuia kuagiza makaa kutoka nje, viwanda vikageukia Ruvuma. Mwishoni mwa 2021 meli zikaanza kuyachukua Mtwara, na 2022 Ulaya ilipoyakataa ya Urusi kwa ajili ya vita vya Ukraine, wanunuzi wa huko nao wakaja kwetu. Zile siku zangu nne Tunduru kuna mtu kiwandani aliyekuwa akihesabu akiba yake ya makaa uwanjani. Tanuri la saruji likizimika, kulipasha upya huchukua siku nzima au zaidi, na wakati huo hakuna mfuko unaotoka.

Ukifika, shika karatasi zote mbili za mizani, ya mgodini na ya unakoshusha. Zikipishana, sema hapohapo, kabla hujasaini.