Ukienda kufundisha baada ya maafa, anza na daftari la mahudhurio

Mimi ni mwalimu wa madarasa ya chini. Nimekwenda kujitolea mara nne baada ya maafa: mafuriko mara mbili, kimbunga mara moja, tetemeko la ardhi mara moja. Walimu wenzangu wanaotaka kwenda huniuliza wabebe nini. Mimi huwauliza kwanza: nani amekuita?

Usiende bila kuitwa. Mahali palipopatwa na maafa maji ni machache na pa kulala ni pachache, na mgeni asiye na kazi anagawiwa sehemu ya hayo hayo. Jiunge na shirika au idara ya elimu inayoweza kukutajia shule utakayokwenda, mwalimu mkuu aliyekubali kukupokea, utakapolala na chakula chako kitatoka wapi. Wakishindwa kujibu, subiri. Safari yangu iliyozaa matunda zaidi niliianza miezi 3 baada ya maji kupungua. Wageni wa mwanzo walikuwa wamekwisha ondoka, na walimu wa pale walikuwa wamechoka kabisa. Chanja pepopunda kabla ya kuondoka, maana utatembea penye misumari na mabati yaliyochanika. Beba pia karatasi ya polisi inayoonyesha huna rekodi ya makosa. Shirika lisilokuomba karatasi hiyo halijawafikiria watoto, na mimi singejiunga nalo.

Kaa wiki 6 au zaidi. Kundi moja lilifika kwenye shule niliyokuwapo likiwa na maboksi ya madaftari, likafundisha siku 9, likaondoka bila kuaga. Kwa siku mbili watoto wa darasa la kwanza walikwenda kukaa nje ya hema lao kuwasubiri.

Ukifika, kumbuka kwamba mwalimu utakayemkuta naye ameathirika. Ana nyumba iliyobomoka, pengine ana msiba, na bado saa moja na nusu asubuhi yuko mbele ya watoto. Hukuja kuchukua nafasi yake. Siku mbili za kwanza mimi hukaa nyuma ya darasa, nikachonga penseli na kujifunza majina. Kisha humwuliza kipindi gani kinamlemea. Mwalimu mmoja aliniomba vipindi viwili vya mchana tu, apate kwenda kupanga foleni ya turubai. Baada ya wiki tatu alikuwa na paa, na sauti yake darasani ilibadilika. Katika yote niliyofanya pale, hakuna lililowafaa watoto kuliko vile vipindi viwili.

Sasa daftari la mahudhurio. Kabla ya madawati, kabla ya ubao, tafuta kumbukumbu za shule: mahudhurio, matokeo ya mitihani, orodha ya walioandikishwa. Mtoto aliyepoteza kila karatasi nyumbani anaweza kuwa na ushahidi mmoja tu uliobaki kwamba alifika darasa la sita, nao uko kwenye kabati lililojaa matope. Zikikutwa zimelowa, fanya haraka, kwa sababu kuvu huweza kuota ndani ya saa 48. Usibandue kurasa zilizoshikana zikiwa bado zinachuruzika, zitachanika. Weka daftari kivulini penye upepo, chomeka karatasi kavu isiyo na maandishi kila baada ya kurasa kadhaa, na ibadilishe inapolowa. Usianike kwenye jua kali, karatasi itajikunja na wino utafifia. Likishakauka, piga picha kila ukurasa, mkabidhi mwalimu mkuu picha hizo, kisha zifute kwenye simu yako. Ni habari za watoto wa watu.

Zikiwa zimepotea kabisa, andikeni upya pamoja na walimu na wazazi: jina, darasa, anaishi na nani sasa, ndugu zake ni akina nani.

Hapa nina jambo ambalo hadi leo linaniuma. Safari yangu ya kwanza nilichukua daftari la zamani, nikasimama mbele ya darasa na kuanza kuita majina. Jina la saba halikuitikiwa. Nikalirudia. Msichana aliyekaa mbele akafunika uso kwa mikono, ndipo nikaelewa. Usiite daftari la zamani kwa sauti kabla hujalipitia jina kwa jina, faraghani, na mwalimu wa pale. Yeye anajua nani amehama, nani bado anatafutwa na nani amefariki. Yeye pia ndiye atakayeamua darasa liambiwe nini, na kwa maneno gani.

Kuhusu majengo, mwalimu hana mengi ya kusema isipokuwa hili: watoto wasiingie kwenye jengo lenye nyufa mpaka mhandisi alikague. Tetemeko la Kashmir la Oktoba 8, 2005, lilitokea asubuhi watoto wakiwa madarasani, na maelfu walifia humo. La Nepal, Aprili 25, 2015, lilitokea Jumamosi, siku ya mapumziko. Maelfu ya madarasa yaliharibika yakiwa matupu. Jengo lililobaki limesimama huweza kuangushwa na mitetemeko inayofuata. Fundisha chini ya turubai au mti, mbali na kuta.

Kagua vyoo siku ya kwanza. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika mengi ya misaada, vinataka tundu 1 kwa wasichana 30, tundu 1 kwa wavulana 60, na lita 3 za maji kwa kila mwanafunzi kwa siku, za kunywa na kunawa. Choo kikikosa mlango, wasichana wakubwa ndio wa kwanza kuacha kuja, wala hawatakuambia sababu.

Vifaa visikutie hofu. Lile sanduku la vifaa vya shule ambalo UNICEF hupeleka penye maafa limepangwa kwa wanafunzi 40 na mwalimu mmoja, na mfuniko wake ukipakwa rangi maalumu hugeuka ubao. Kinachohitajika zaidi ni ratiba isiyoyumba. Anza kila siku kwa jambo lile lile, kwa saa ile ile: wimbo, tarehe ubaoni, majina. Masomo yawe mafupi, dakika 20 hivi, maana watoto waliolala vibaya hawawezi kusikiliza zaidi.

Usiwaombe wasimulie yaliyowapata, wala usiwaambie wachore mafuriko. Wape karatasi na rangi, wachore wanachotaka. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 una hatua tatu: angalia, sikiliza, unganisha. Hiyo ya tatu ndiyo walimu huisahau. Mtoto asiyelala, asiyekula au asiyesema kwa wiki kadhaa, mfikishe kwa mtu aliyesomea kazi hiyo. Mjue mtu huyo ni nani kabla hujamhitaji. Mvua ikipiga turubai na darasa zima likaganda, acha hesabu. Wasogelee, waambie ni mvua, waonyeshe njia ya kutokea, imbeni mpaka ipungue. Hesabu zitasubiri.

Usibaki peke yako na mtoto mahali pa siri. Usiahidi kurudi.

Tarehe yako ya kuondoka itaje wiki ya kwanza, na iandike ubaoni wiki mbili za mwisho ili waihesabu pamoja nawe. Mwachie mwalimu daftari lenye mada zilizofundishwa, zilizorukwa, na majina ya watoto ambao bado hawajashika kusoma. Asubuhi ya mwisho mimi hurudi kukaa nyuma ya darasa, nilipoanzia, na mwalimu wao ndiye anayeita majina.