Jina la ukoo wako: tafuta siku lilipoandikwa

Ndugu hunipigia simu kutoka Dar es Salaam na Arusha wakiuliza asili ya jina letu. Siku hizi nawarudishia swali: nani aliliandika kwanza, na aliliandikia wapi? Kwetu Upareni, zamani mtu alikuwa na jina lake, la baba yake, na ukoo wake unaojulikana na kila mtu. Akaja karani wa kodi, mwalimu au mchungaji na daftari, na daftari likataka jina moja likae mwisho. Ukiipata siku hiyo, mengine yatafuatana.

Anza na karatasi zilizomo ndani: vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya ubatizo, ripoti za shule, stakabadhi za kodi za babu. Zipange kwa umri wa mwenyewe, wa zamani zaidi juu, kisha utazame jina la mwisho linabadilika wapi. Mara nyingi utakuta watoto wa baba mmoja wanatumia majina mawili, kwa sababu mmoja aliandikwa ukoo shuleni na mwingine akaandikwa jina la babu.

Sasa amua jina lenu ni la aina gani. Mimi ni Mshana, na hilo ni jina la ukoo hasa. Washana walikuwa wahunzi, na ndio waliotawala Ugweno, kaskazini mwa Upare, kabla Wasuya hawajawapindua. Mama yangu ni Msuya. Nyumbani tulikua tukisikia habari hiyo kutoka pande zote mbili, na kila upande una namna yake ya kuisimulia. Kama jina lako ni Mshana, Msuya, Mbaga au Mgonja, wewe tayari umeshika ukoo. Unachotafuta ni tawi lako, na mzee aliyelianzisha.

Lakini ukiitwa mwishoni Eliamani, au jina lolote linaloanza na Eli-, basi hilo lilikuwa jina la mtu, tena la ubatizo. Walutheri wa Leipzig, wamisionari wa Kijerumani, walifungua kituo Shighatini, Pare Kaskazini, mwaka 1900, na Waadventista wakaingia Pare Kusini mwaka 1903. Jina la namna hiyo haliwezi kuwa la zamani kuliko hapo. Usipoteze muda kulitafuta kwenye masimulizi ya uhamiaji. Tafuta babu aliyebatizwa, kisha uulize ukoo wake. Kwa familia za Kiislamu kazi ni ileile: ukiitwa mwishoni Omari au Hamisi, ujue ni babu huyo, na ukoo uko nyuma yake.

Kuna pia majina ya tukio. Mfano unaojulikana na wote ni wa Mwalimu. Baba yake, chifu wa Wazanaki, alipewa jina Nyerere kwa sababu alizaliwa wakati wa baa la viwavi. Kwa hiyo lilikuwa jina la mtu mmoja na la mwaka mmoja, na leo wajukuu wanalibeba kama jina la ukoo. Jina kama hilo ni hazina, maana ukijua njaa, nzige au vita gani vinatajwa, umepata karibu na mwaka aliozaliwa mzee.

Baada ya hapo nenda kwa wazee, na uanze na mashangazi. Binti aliyeolewa ukoo mwingine huutunza ukoo wake kichwani kuliko kaka zake waliobaki nao kila siku. Usimuulize, "Shangazi, jina letu lina maana gani?" Atakupa jibu la kukuridhisha wewe. Muulize babu alizikwa wapi. Muulize ni akina nani hatuoani nao, na kwa nini, kwa sababu ukoo wenye jina tofauti usiooana nanyi huenda ni tawi lenu lililoandikwa jina jingine. Muulize kwenye shughuli ya ukoo nani aliitwa kuchinja, na mpungi wenu uko wapi, yaani ule msitu ambamo ukoo ulihifadhi mafuvu ya wazee wake. Watu wawili wenye mpungi mmoja ni ndugu hata kama vitambulisho vyao havifanani hata herufi. Omba ruhusa kabla ya kurekodi kwa simu, na usimkatize akipotea njia. Majina mazuri zaidi hutoka pale anapozungumzia shamba au ng'ombe.

Kisha usharika. Omba kwa mchungaji kuona daftari la ubatizo la miaka ya mwanzo, na uende na mwaka wa kukisia, usiende mikono mitupu. Wajerumani waliandika walivyosikia na kwa herufi zao: sh ikawa sch, y ikawa j, v ikawa w. Mshana mtafute pia kwenye Mschana, Msuya kwenye Msuja. Soma safu zote, si ya jina peke yake. Majina ya wazazi na ya wadhamini wa ubatizo ndiyo hufungua mlango, kwa kuwa mdhamini mara nyingi alikuwa mtu wa karibu na familia.

Utakapokuwa na vizazi, hesabu takriban miaka 25 hadi 30 kwa kila kimoja. Ukiona wazee wanne tu kati yako na kupinduliwa kwa Washana, jambo la karne kadhaa zilizopita, ujue kuna waliosahaulika katikati. Acha nafasi wazi kwenye mti wako, usiijaze. Na kila familia ikikuambia ilitoka kwa mtawala, uliza alitawala kijiji gani na nani alimrithi.

Jambo moja nakuomba ulishike. Huenda ukagundua kuwa babu yenu hakuzaliwa ndani ya ukoo; alikuja na njaa au alitekwa akiwa mtoto, wakampokea na kumpa jina. Huyo ni babu yenu kamili. Ila usilitangaze kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla hujaketi na wazee wa nyumba hiyo na kuwauliza wanataka liandikweje. Wanawake waandike kwa majina yao na koo walikotoka, si "mke wa" peke yake. Nakala moja ya daftari lako la ukoo iache kwa ndugu anayeishi kijijini, maana yeye ndiye atakayeulizwa na anayekuja baadaye.