Redio Ikikata Ukiwa Angani: Namna ya Kutafuta Kosa, na Namna ya Kutua Bila Sauti

Umeita mnara wa kuongozea ndege mara mbili, hakuna jibu. Kabla hujagusa kitu, hakikisha ndege imetulia, mwinuko uko palepale na macho yako yapo nje. Ndege ndogo inayokwenda noti 110 (maili za baharini kwa saa) inamaliza karibu maili mbili za baharini kila dakika. Ukiinamia redio kwa dakika mbili karibu na uwanja, utajikuta katikati ya ndege zinazojipanga kutua, nawe huzioni. Shika ndege kwanza, halafu ndiyo utafute kosa.

Mara nyingi redio yenyewe ni nzima. Anza na sauti: fungua skwelchi (kizuia kelele cha redio), au vuta kitufe cha sauti kwenye redio za aina hiyo, usikilize mchakacho. Ukiusikia, kipokezi kinafanya kazi na hedifoni zako ni nzima, kwa hiyo kosa liko kwenye masafa au upande wa kutuma. Usipousikia, angalia paneli ya sauti. Huenda kitufe cha redio ya pili kimeguswa kwa kiwiko, na unaongea kwenye redio moja huku unasikiliza nyingine.

Kisha soma masafa tarakimu kwa tarakimu. Redio za anga hutumia 118.000 hadi 136.975 MHz, na tarakimu moja ikikosewa unazungumza na uwanja mwingine au huzungumzi na mtu kabisa. Rudi kwenye masafa uliyoyatumia mwisho na kupata jibu, uite hapo.

Halafu plagi. Hedifoni za ndege nyingi ndogo zina plagi mbili: nene ya milimita 6.35 ni ya kusikia, na nyembamba kidogo, karibu milimita 5.2, ni ya maikrofoni. Hii nyembamba ndiyo inayotoka mara nyingi, maana goti au mkoba huigonga. Ikitoka nusu utasikia kila mtu lakini hutasikika. Ichomoe kabisa, uisukume mpaka ikamate. Bado? Badilisha hedifoni na za abiria, au tumia kitufe cha kuongelea cha upande wa pili. Waya za kitufe kilicho kwenye usukani hukunjwa kila usukani unapogeuzwa, na mwishowe hukatika kwa ndani.

Kuna kosa linalowasumbua watu wote walio hewani, nalo ni kitufe kilichonasa. Masafa yakinyamaza ghafla saa ya shughuli nyingi, anza kujishuku wewe. Tazama kioo cha redio: kikiendelea kuonyesha alama ya kutuma hali hujabonyeza kitu, wewe ndiye uliyeziba njia. Redio za anga zinatumia AM, na wawili wakituma kwa pamoja, wasikilizaji hupata mluzi badala ya maneno. Huko Tenerife, katika Visiwa vya Kanari, tarehe 27 Machi 1977, mnara na ndege ya Pan Am vilituma wakati mmoja, na marubani wa KLM waliokuwa wanaanza kuruka wakasikia mluzi pale ambapo maneno yangewasimamisha. Ndege hizo mbili ziligongana, na watu 583 walikufa. Kwa hiyo kitufe kikinasa, kigongegonge kiachie. Kikikataa, chomoa plagi ya maikrofoni mara moja, au zima redio hiyo utumie ya pili.

Mwinuko nao ni sababu. Mawimbi haya hayapindi kufuata mlima wala mviringo wa dunia. Kadirio linalotumika ni kuzidisha kipeuo cha pili cha mwinuko kwa futi na 1.23, upate maili za baharini. Futi 500 juu ya ardhi tambarare zinakupa kama maili 27, na futi 4,000 zinakupa karibu 78. Rubani anayerudi uwanja wa Wilson, Nairobi, kutoka Maasai Mara akiwa chini nyuma ya vilima vya Ngong anaweza kudhani redio imekufa, kumbe kilima kimekaa kati yake na mnara. Kama hali ya hewa na anga vinaruhusu, panda kidogo uite tena, au omba ndege nyingine iliyo juu ikufikishie ujumbe.

Mwisho, umeme. Kwenye mfumo wa betri ya volti 24, kipimo huonyesha karibu 28 altaneta ikiwa inachaji. Ukiona 24 na inashuka, altaneta imeacha kazi na unakula betri. Betri nzima inaweza kukupa kama nusu saa, ile chakavu ni chini ya hapo. Zima kila usichokihitaji, bakiza redio moja na transponda (kifaa kinachojibu rada kwa namba), na ongea kwa kifupi kwa sababu kutuma hula umeme kuliko kusikiliza. Kumbuka pia kwamba flapu (vibapa vya nyuma ya mabawa) za Cessna 172 nyingi zinategemea umeme: panga kutua bila flapu, kwa njia ndefu zaidi. Sakitibreka ya redio ikiruka, ngoja ipoe kisha irudishe mara moja tu. Ikiruka tena, iache. Kuna waya unaoungua mahali usipopaona.

Yote haya yasizidi dakika chache. Yakishindikana, weka transponda kwenye 7600, namba ya redio iliyokatika. Kwa zile za zamani zenye vifundo vinne, geuza tarakimu ya pili iwe 6 kabla ya kuweka sifuri mbili za mwisho, usije ukapita kwenye 7500 ambayo ni ya utekaji nyara. Jaribu 121.5, masafa ya dharura. Hata kama husikii chochote, endelea kutangaza kwenye masafa ya mnara: sema kwamba unatuma bila kujua kama unasikika, kisha jina la ndege, mahali ulipo, mwinuko na unachokusudia. Tamka ujumbe wote mara mbili. Huenda wanakusikia vizuri. Mwongoza ndege naye atakujaribu: atakwambia ubonyeze kitufe cha utambulisho cha transponda au utikise mabawa kama unamsikia. Simu ya mkononi yenye namba ya mnara inaweza kusaidia, nayo namba iandikwe kabla ya kuruka.

Ukiwa kwenye anga wazi unaona vizuri, baki humo, utue kwenye uwanja unaofaa ulio karibu. Kama hujaingia kwenye eneo la uwanja wenye shughuli nyingi na kuna uwanja mdogo karibu, nenda huo mdogo. Kama ulikuwa umesharuhusiwa kuingia, endelea kama mlivyokubaliana. Mnara unapanga wengine kwa kudhani utafanya hivyo, na ubunifu wa ghafla ndio unaowavuruga.

Karibia ukiwa juu ya mwinuko ambao ndege huzungukia uwanja kabla ya kutua, taa zote zikiwaka. Tazama soksi ya upepo na uone wenzako wanatua upande gani, kisha ingia kwenye mkondo ulio sambamba na njia ya kurukia. Hapo ndipo kioo cha mnara kinaonekana vizuri. Mwanga wa taa ya ishara, ambayo mnara huitumia badala ya sauti, ni mwembamba, na jua la mchana huufifisha, kwa hiyo utafute kwa makini.

Kijani isiyokatika: ruhusa ya kutua. Kijani inayomweka: rudi utue, lakini ngoja kijani isiyokatika. Nyekundu isiyokatika: mpishe mwingine, endelea kuzunguka. Nyekundu inayomweka: uwanja si salama, usitue. Nyeupe inayomweka: tua hapa, uende kwenye maegesho. Jibu mchana kwa kutikisa mabawa, ila si ukiwa kwenye kona ya mwisho wala ukishuka moja kwa moja kutua. Usiku washa na kuzima taa za kutua mara mbili.

Ukiwa ardhini maana hubadilika: kijani isiyokatika ni ruka, kijani inayomweka ni tembeza ndege ardhini, nyekundu isiyokatika ni simama, nyekundu inayomweka ni ondoka kwenye eneo la kutua, nyeupe inayomweka ni rudi ulikoanzia. Hizi ni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Marekani wana ishara ya nyongeza, nyekundu na kijani kwa kupokezana, yaani chukua tahadhari kubwa.

Ukiwa mawinguni, utaratibu wa ICAO ni kubaki na kasi na mwinuko wa mwisho ulioruhusiwa, au mwinuko salama wa chini kabisa kama huo ndio mkubwa. Shikilia hivyo dakika 20 pasipo rada au dakika 7 penye rada, kisha fuata mpango wa safari uliowasilishwa. Kwa rada, dakika zinahesabiwa kuanzia tukio la mwisho kati ya haya: kufika kwenye mwinuko uliopewa, kuweka 7600, au kushindwa kuripoti kwenye kituo cha lazima. Anza kushuka karibu na saa uliyoandika ya kufika, na kama inawezekana utue ndani ya dakika 30 baada yake. Nchi nyingine zina tofauti zao, zisome kabla ya safari.

Ukishatua, pigia mnara simu papo hapo, la sivyo watu watabaki wanakutafuta. Kwenye kitabu cha ndege usiandike tu “redio mbovu”. Andika “redio namba 1 inasikia, haitumi, alama ya kutuma haiwaki, hedifoni zimebadilishwa bila mafanikio.” Hapo fundi ataanza na kitufe na waya zake, badala ya kuchomoa redio nzima kutoka kwenye paneli.