Mshauri yuko Mombasa, wewe uko ng'ambo

Ukiwa ng'ambo na unatafuta mshauri wa Mombasa wa kuzungumza naye kwa simu au video, neno lenyewe ndilo la kwanza kupotosha. Tunaita "ushauri nasaha", na mtu wa pwani akisikia nasaha hutarajia yale aliyozoea kupewa na shangazi au mzee wa mtaa: kaa, sikiza, kisha fanya hivi. Ushauri wa mkondo wa kiutu, ndio tunaouzungumzia hapa, hauendi hivyo. Carl Rogers (1902–1987), mwanasaikolojia wa Marekani aliyeujenga kuliko wote, alishikilia kwamba mtu mwenyewe ndiye ajuaye panapomuuma na pa kutokea. Katika makala yake ya 1957 alitaja mambo matatu anayodaiwa mshauri: awe mkweli asiyejificha nyuma ya cheo, akukubali bila masharti, na ahisi unachohisi kana kwamba ni chake, bila kusahau kuwa si chake. Ukilipa ukingoja fatwa, utaona umeibiwa.

Mathalani mteja yuko Manchester, anasema: "Mama akipiga simu, naitazama tu ikiita." Shangazi angejibu, "Mamako ni mamako, mpigie." Mshauri wa aina hii husema: "Waiona ikiita, na mkono hauendi." Kisha hunyamaza. (Si laini iliyokatika, usianze kusema haloo haloo.) Mteja huendelea: "Nikishika ataniuliza karo ya mdogo wangu, na sina." "Na kumwambia huna, waona haya?" "Si haya. Ni kama sikufika huku kabisa." Hapo ndipo kazi inapoanzia. Hakuna aliyemfundisha neno hilo. Angeambiwa mapema ampigie mama, asingelifikia.

Ndiyo maana lugha ina uzito. Tumbo joto, roho juu, kifua kimekaba: mtu akilazimika kumfasiria mtaalamu wa Leeds maneno haya, hisia yenyewe hupoa kabla ya kufika mdomoni. Lakini tusidanganyane. Kama shida yako ni kazi, ndoa au karatasi za huko huko uliko, anayeijua nchi hiyo huenda akakufaa zaidi. England unaweza kujiandikisha mwenyewe NHS Talking Therapies, tiba ya mazungumzo ya huduma ya afya ya umma, bila malipo na kuomba mkalimani. Sehemu kubwa ya huduma yao ni tiba ya kubadili fikra na mazoea, ila vipo vituo vyenye ushauri wa mkondo wa Rogers kwa wenye mfadhaiko. Uulizie kwa jina lake la Kiingereza, person-centred counselling.

Ukiamua Mombasa, anza na karatasi. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, inayotaka mtaalamu asajiliwe na bodi. Omba namba ya usajili na leseni ya mwaka huu, na ujue kwamba uanachama wa chama cha wataalamu haushiki nafasi ya leseni. Muulize pia nani humsimamia, maana mshauri makini ana msimamizi anayepitia naye kazi yake bila kutaja majina ya wateja. Aliyeko Marekani ajue kwamba majimbo kwa kawaida hudai mtaalamu awe na leseni ya jimbo aliko mteja, kwa hiyo baadhi ya washauri wa Kenya hukataa wateja wa huko. Bora ajibu hivyo mapema.

Mombasa ni mji wa kujuana. Wa mtaa wa Kibokoni na wa Majengo huoana, huzikana, hukutana harusini. Ukiwa na kwenu Mji wa Kale, tafuta mshauri wa Bamburi au Likoni, nje ya kisiwa, na swali la kwanza liwe: "Wawajua watu wa kwetu?" Akiwajua, akupeleke kwa mwingine. Akuambie pia mipaka ya siri kabla hujafungua moyo: hatari kwa uhai, mtoto anayedhulumiwa, amri ya mahakama. Ndugu anayekulipia hana haki ya ripoti, hata muhtasari.

Ujumbe wa kwanza uwe mfupi: "Assalamu alaikum. Niko Birmingham, nina miaka 34, natafuta vikao kwa Kiswahili kwa njia ya video. Nataka kujua ada ya dakika 50, masharti ya kuahirisha, na kama una nafasi Jumamosi." Habari za baba na talaka ziache kwanza. WhatsApp si mahali pake.

Saa ndiyo huvuruga wengi kuliko hisia. Mshauri akiandika "saa 2 usiku" ana maana ya 20:00, na aliyekulia ughaibuni huweka kengele ya saa nane za usiku. Andikianeni 20:00, na mtaje ni saa za wapi. Mombasa haigeuzi saa, wengi wenu mnageuza: London ni nyuma kwa saa 3 majira ya baridi na saa 2 majira ya joto, na mabadiliko huja Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Toronto tofauti ni saa 8, kisha 7. Kikao cha jioni huko ni usiku wa manane hapa, kwa hiyo chukua Jumamosi 10:00 asubuhi ya Toronto.

Aliyeko Dubai asitegemee simu za WhatsApp, huzuiwa. Ulizeni mapema programu gani hupita. Anayeishi nyumbani kwa mwajiri atafute bustani, au gari lililoegeshwa. Vaa visikizi, na kubalianeni kwamba laini ikikatika mshauri ndiye apigaye, mkingojeana dakika 10. Sauti peke yake inatosha. Ada ilipe kikao kimoja kwanza. Ukiridhika, tuma ya vinne kwa mkupuo kupitia M-Pesa, makato ya kutuma yapungue.

Kikao cha pili au cha tatu ndicho wengi hukikimbia, hasa baada ya kulia. Usiku ule mtu huona aibu, na wiki inayofuata "kazi zimezidi". Rudi, na useme hivyo hivyo. Kosa jingine ni kusimulia ya ukoo mzima, dakika 45 za mjomba na kiwanja, na wewe mwenyewe hupo. Baada ya vikao 6 pimeni pamoja. Kama yeye ndiye asemaye zaidi, anakuhubiria, au amefikia "mwanangu, rudi tu nyumbani", huyo ameshakuwa shangazi. Mtafute mwingine.

Ukitaja majini, mshauri mzuri hatacheka wala hatakuagua. Atauliza yanakujia vipi na yanakufanya uhisi nini. Endelea na dua zako, ila dawa ya hospitali usiiache bila daktari. Na kuna yasiyongoja kikao: sauti zinazoamrisha, siku kadhaa bila usingizi na nguvu haziishi, kutetemeka baada ya kuacha pombe ghafla, au mpango wa kujiua. Hapo ni daktari wa ulipo, si Mombasa: Uingereza 999, au Samaritans, laini ya kuwasikiliza wenye dhiki, 116 123, Marekani na Kanada 911, au 988 kwa anayefikiria kujiua, Imarati 998 kwa ambulensi. Mpe mshauri anwani yako halisi tangu mwanzo, la sivyo hata akiingiwa na hofu hana pa kumtuma mtu.

Ukija likizo Desemba, wiki 3 zinatosha vikao 3 vya ana kwa ana. Epuka Ijumaa mchana, na kama kivuko cha Likoni kiko njiani ongeza saa nzima. Ukiona umetosheka, usipotee tu na tiki mbili za buluu. Mpe taarifa wiki moja kabla na mfanye kikao cha mwisho, mseme kilichofaa, kilichobaki, na kama ukitaka kurudi nafasi yako itakuwepo.