Somo: Kujua kona ndogo kabisa ambayo kichwa chako cha treni ya modeli (treni ndogo ya mfano) kitapita

Wakuu habari zenu. Watu wengi wanaagiza reli kwanza, kichwa kikifika ndo wanaona kinaacha njia kila kona, na reli zenyewe sio kitu cha kushuka Kariakoo ukabadilisha kesho yake. Kwa hiyo tupime kwanza. Natumia skeli ya HO, yaani 1:87, nafasi kati ya reli mbili 16.5 mm.

Hatua ya 1. Laza kichwa chali juu ya taulo, chukua kalipa (kile kipimo cha milimita chenye taya mbili), pima toka katikati ya ekseli ya mbele hadi katikati ya ekseli ya nyuma, ila zile tu zilizoshikwa na fremu moja. Tafadhali hapa tuliza akili. Dizeli yenye ekseli tatu mbele na tatu nyuma usipime kichwa kizima, pima seti moja, maana kila seti inajigeuza yenyewe. Cha mvuke pima magurudumu makubwa yaliyounganishwa na vyuma vya pembeni, yale madogo ya mbele achana nayo. Hiyo iite L.

Hatua ya 2. Plei, yaani nafasi ya magurudumu kucheza. Weka kichwa kwenye reli iliyonyooka, sukuma magurudumu kushoto kulia uone yanacheza kiasi gani kati ya reli mbili, halafu jumlisha na ekseli ya kati inavyoweza kusogea upande mmoja toka katikati yake. Jumla iite v.

Hatua ya 3. L zidisha kwa L, gawa kwa 8 mara v. Dizeli yenye L 40 mm na v 0.8 mm inakupa 1600 ÷ 6.4 = 250 mm, hiyo ndo nusu kipenyo. Sasa cha mvuke chenye L 60 na plei ileile kinataka 562 mm! L imeongezeka nusu tu ila kona imezidi mara mbili, ndo maana nasisitiza kalipa na sio kukadiria kwa macho.

Mi huwa naongeza robo juu ya jibu, kwa sababu hapo magurudumu yanakuwa yamebana kabisa. Mabehewa nayo yaangalie, chukua refu kuliko yote zidisha mara 3, kama kichwa kimekupa kona ndogo kuliko hiyo fuata ya behewa.

MASWALI

– Mkuu nimepewa reli za mtumba hazina maandishi, kona yake najuaje?
Weka rula ya 30 cm ndani ya reli ya nje, ncha zote ziguse, pima pengo la katikati. Likiwa 25 mm: 300 mara 300 gawa kwa 8 mara 25, yaani 90000 ÷ 200 = 450, jumlisha nusu ya pengo unapata 462. Toa 8 ili upate ya katikati ya njia.

– Kaka nataka kutengeneza TAZARA, hizi za 16.5 zinafaa?
Hizo ni za SGR, reli yake halisi ni 1435 mm, gawa kwa 87. TAZARA ni 1067 mm, inakuja kama 12.3, kwa hiyo tafuta reli za 12 mm. Hesabu ya kona ni ileile.

– Njia mbili sambamba kwenye kona niziachanishe kiasi gani?
Behewa la 250 mm, seti zake za magurudumu zikiachana 180 mm, kwenye kona ya 750 tumbo linaingia ndani 5.4 mm na ncha zinatoka nje kama 5. Kwa hiyo toka katikati ya njia moja hadi ya nyingine chukua upana wa behewa, ongeza 10.4, halafu acha milimita chache za usalama. Kabla hujapiga misumari kwenye plaiwudi pitisha mabehewa mawili kwa mkono, moja kila njia.