Mkono Mgonjwa Nao Upewe Kazi

Mimi ni fundi cherehani, nipo Tandika, Dar es Salaam. Nashona sare za shule na madera, na napunguza suruali za mitumba. Sina udaktari wowote. Haya nimefundishwa na binti yangu, aliyepata kiharusi akiwa na miaka minne, na sasa anakwenda wa saba. Amebeba jina la marehemu mama yangu, kwa hiyo nyumbani tunamwita Bibi. Ana siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi, na siko seli ni moja ya sababu kubwa za kiharusi kwa watoto wa kwetu.

Asubuhi ile alidondosha kikombe cha uji. Nikamgombeza. Nilipomtazama vizuri nikaona mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia unaning'inia kama mkono wa shati kwenye kamba. Jirani akasema ni upepo mbaya. Zahanati tuliyokimbilia ikatupa dawa ya malaria, tukarudi nyumbani, siku ikapotea. Kwa hiyo mzazi mwenzangu, ukiona uso umepinda, mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, au maneno yamekwama ghafla, nenda hospitali kubwa saa hiyohiyo. Ukifika mapokezi tamka mwenyewe, "kiharusi", na kama mtoto ana siko seli litamke na hilo. Usingoje kuulizwa.

Mambo ya nyumbani sasa, maana hospitali utakaa wiki, nyumbani utakaa miaka.

Watu hudhani kushona ni kazi ya mkono wa kulia. Si kweli. Mkono wa kushoto ndio unaotuliza kitambaa, ukiuondoa mshono wote unakwenda kombo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinieleza jambo hilohilo kwa lugha yake: mkono uliopooza huenda usirudi kuwa sawa na mwenzake, lakini unaweza kuwa msaidizi mzuri, na mkono usiopewa kazi ubongo huusahau. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu kila kazi ina sehemu ya mkono wa kulia wa Bibi. Akipaka dawa ya meno, kulia kunakandamiza mswaki mezani. Akichora, kulia kunalalia karatasi. Mama yake akisukuma chapati, Bibi naye anapewa donge lake alikande kwa mikono yote miwili, hata kama chapati yake inatoka na umbo la ramani.

Mavazi nitayasemea kirefu, ndiyo kazi yangu. Kuvaa, anza na upande dhaifu. Kuvua, anza na upande mzima. Ukigeuza utaratibu huo mtakuwa mnapigana kila asubuhi. Usimvute wala kumnyanyua kwa mkono dhaifu, misuli ya bega lake haina nguvu ya kulishika, linateguka kirahisi. Nguo za Bibi nakata tundu la kwapa la kulia pana kuliko la kushoto, inchi nzima, na ukizitazama kwa nje huoni tofauti. Sketi ya shule naweka lastiki badala ya zipu. Shati la sare lina vifungo kama la wenzake, ila vimeshonewa juu tu, ni urembo. Chini yake nimeweka velkro, ule mkanda wa kunatana unaouzwa kwa mita Kariakoo. Ndani ya mkono wa kulia nimepitisha uzi mwekundu ili ajue pa kuanzia bila kuniita. Mpelekee fundi wa mtaani kwako nguo za mwanao, kazi ya nusu saa.

Kandambili achana nazo. Mguu dhaifu haushiki kidole, kinachobaki ni kujikwaa. Tafuta sandali zenye mkanda wa nyuma. Akipewa kifaa cha plastiki cha kushikilia kifundo cha mguu, kiatu cha upande huo kitatakiwa kiwe kikubwa zaidi, na duka halikuuzii mguu mmoja. Mimi hupekua mitumba ya Karume mpaka nipate jozi mbili zinazofanana. Kila jioni ukimvua kifaa tazama ngozi. Wekundu usiopotea kwa nusu saa maana yake kinambana, kirudishwe kwa waliokitengeneza.

Kwenye chakula ndipo palipotuletea maneno. Mama mkwe wangu ni mtu wa pwani, na mtoto kula kwa kushoto mbele yake ilikuwa aibu. Alikuwa anaushika ule mkono wa kushoto anauweka chini ya meza, Bibi anabaki analitazama sahani la wali huku machozi yanamtoka. Sikubishana naye. Nilimleta shehe wa msikiti wetu akanywa chai kwetu, akasema mwenye udhuru hana lawama, yakaisha. Siku hizi mama mkwe mwenyewe ndiye anayemwambia, "Kula, mjukuu wangu, ila kulia kushike sahani." Chini ya sahani weka kitambaa kibichi, lisiteleze. Mpini wa kijiko uzungushie kitambaa na mpira uwe mnene, halafu kila mlo matonge matatu ya kwanza ajaribu kwa kulia, yanayofuata ale anavyoweza. Akae wima, kidevu kikiwa chini kidogo. Kama anakohoa kila akimeza, au sauti inakuwa ya majimaji baada ya kunywa, waambie kliniki mapema, chakula kinaweza kuwa kinapita njia ya hewa. Na chai ya moto iwe mbali na upande dhaifu. Mkono ule hausikii joto vizuri. Bibi aliwahi kuungua akaendelea kucheka na wenzake.

Choo cha kuchuchumaa kilimshinda. Fundi seremala alitutobolea kiti cha mbao, tukagongelea na bomba ukutani upande wa kushoto. Suala la kujisafisha nalo watu wanaona haya kulitaja. Ana mkono mmoja, basi huohuo unafanya yote, na sabuni iko pale pale kwenye kopo lake.

Kuna zoezi la kuuziba mkono mzima ili mkono mgonjwa ulazimike kufanya kazi. Lifanyike kwa maelekezo ya mtaalamu, anayejua muda unaomfaa mwanao. Nilishona glovu ya kaki, Bibi akaichukia, akaitupa mtaroni. Nikashona nyingine ya kijani yenye macho na meno, mamba. Mamba alikuwa amelala, hivyo mkono wa kulia ilibidi umwibie karanga. Tulicheza hivyo mchana, akiwa amekaa mkekani. Asivae akitembea, maana akianguka mkono mzima ndio utakaomkinga.

Njiani kaa upande wake dhaifu. Ngazi za kupanda, mguu mzima utangulie. Za kushuka, utangulie mguu dhaifu. Kwenye daladala mwambie konda kabla gari halijasimama, "Nina mgonjwa," na usikubali akunyanyulie mtoto, atamshika mkono uleule.

Maneno yalimchelewa zaidi ya mguu. Anakuwa analijua jina la kitu lakini halitoki. Usimmalizie. Hesabu moyoni mpaka kumi. Mimi hukosea hapa mpaka leo, nina haraka za fundi mwenye wateja mlangoni. Shuleni nilimweleza mwalimu mambo mawili: amkalishe mbele, na asimdhanie uvivu saa tano ikifika. Ubongo uliopata kiharusi unachoka haraka, na kuchoka kwake kunaonekana kama hasira. Dakika kumi za kuinamisha kichwa kwenye dawati zinamrudisha. Wengine mambo huja kuonekana madarasa ya juu, hesabu zinapokuwa ngumu, hata kama mtoto alishatembea vizuri zamani.

Kwa wa siko seli, mazoezi yote haya hayana maana kama kiharusi kitarudi, na bila kinga zaidi ya nusu ya watoto hawa hupatwa tena. Uliza kliniki kuhusu kuongezewa damu kwa ratiba na kuhusu dawa ya haidroksiyurea. Kama una mwingine mwenye siko seli ambaye hajapatwa, uliza kipimo cha kasi ya damu kichwani, huanza kufanywa mtoto akiwa na miaka miwili. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 1998 ulionyesha kwamba watoto waliokutwa na kasi kubwa, sentimita 200 kwa sekunde au zaidi, wakiongezewa damu mara kwa mara, hatari ya kiharusi ilipungua kwa asilimia 90 na zaidi. Mimi nilikijua kipimo hicho baada ya Bibi kupooza.

Jumamosi anakaa na mimi kibarazani. Nimemnunulia mkasi mdogo wa mtu wa kushoto, ule wa kawaida ulikuwa unatafuna nyuzi tu. Kitambaa anakibana kwa ngumi ya kulia, nyuzi anakata kwa kushoto. Jana amenikatia sare sita, moja akaitoboa, nikaitia kiraka kwa ndani kabla mwenyewe hajaja kuichukua.